SIKU THELATHINI ZA MTOTO: KATA RUFAA KWANZA, SULUHU IFUATE!



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaotusoma, sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake. Amma ba'ad.

Leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hapa Mbugangari tunalinong'ona tukitoka msikitini, lakini hatulisemi kwa sauti. Nalo ni hili: watoto wetu wanapotea mikononi mwa mama zao, na mara nyingine mikononi mwa baba zao. Sababu si kwamba sheria imewanyima haki. Sababu ni kwamba wazazi walifika mahakamani wamechelewa. Na kilichowachelewesha, aghlabu, ni SISI. Sisi wazee wa suluhu, sisi majirani wenye maneno matamu, sisi tunaosema "subiri kwanza dada yangu, mambo ya nyumbani yatakwisha nyumbani".

Najua wapo watakaokasirika. Nakuombeni mkasirike baada ya kusoma mpaka mwisho.

KISA NILICHOKISHUHUDIA

Simtaji mtu jina, wala simtaji mahakama. Mama mmoja wa mtaani kwetu, mfanyabiashara mdogo anayevuka Petite Barrière kila alfajiri na ndoo ya nyanya kichwani kwenda Goma na kurudi jioni, aliachana na mumewe. Ndoa yao ilikuwa na nikaha na ilikuwa imeandikishwa serikalini, kwa hiyo talaka ilipita mahakamani. Hukumu ilisomwa tarehe 12 Shaaban. Mtoto wao wa kiume, wa miaka saba, akapewa baba. Mama akapewa siku za kumtembelea.

Mama hakuridhika. Alikuwa na hoja zake, na mimi nasema zilikuwa hoja za kusikilizwa. Alitaka kukata rufaa. Siku ileile jioni alikuja kwa wazee kutaka ushauri, nami nilikuwa mmoja wa waliokaa. Tukamwambia nini? Tukamwambia asikimbilie mahakamani tena, mume ni Muislamu, mke ni Muislamu, tutawakalisha.

Tukakaa mara ya kwanza tarehe 17. Baba akaja, kapiga kanzu safi, mpole, anaitikia kila neno. Tukakaa mara ya pili tarehe 25. Baba akasema atafikiria kumrudisha mtoto kwa mama yake, ila apewe muda kidogo. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, tukasema kikao cha tatu kiwe baada ya Idi, watu wafunge kwa utulivu. Idi ikapita. Baba hashiki simu. Mtoto kashapelekwa ng'ambo ya mpaka kwa bibi yake.

Tarehe 4 Shawwal yule mama akaenda kukata rufaa. Tangu hukumu isomwe zilikuwa zimepita siku hamsini. Sheria inatoa siku 30. Rufaa haikupokelewa. Haikushindwa, ndugu zangu, HAIKUPOKELEWA! Hoja zake hazikusomwa na mtu yeyote.

Baba alijua hesabu ya siku. Sisi wazee hatukuihesabu. Yeye alitutumia sisi, na kanzu zetu, na swaumu yetu, kama ukuta wa kujificha nyuma yake mpaka siku ya thelathini ipite. Mimi nitaulizwa kuhusu hilo, na sina jibu zuri la kulitoa.

SHERIA INASEMAJE?

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya mawakili tu. Hapana, kila mzazi anaweza kuyajua.

1. Hapa Rwanda kesi za familia huanza Urukiko rw'Ibanze, yaani mahakama ya mwanzo, na rufaa yake huenda Urukiko Rwisumbuye. Kwa sisi wa Rubavu, mahakama zote mbili ziko ndani ya wilaya yetu. Hakuna anayehitaji kupanda basi kwenda Kigali.

2. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai, Nambari 22/2018 ya tarehe 29/04/2018, imeweka muda wa kukata rufaa kuwa siku 30. Sheria ya 2012 iliyotangulia nayo ilikuwa na siku 30 hizohizo. Kwa hiyo si jambo jipya la kutushangaza.

3. Na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ikiwa ulikuwepo hukumu ikisomwa, au ulikuwa umejulishwa siku itakayosomwa, siku zako zinaanza kuhesabiwa siku ile ya kusomwa. Hazingoji uchukue karatasi, wala uielewe, wala mtu akutafsirie. Mama anayesema "mimi hukumu nimeipata mkononi wiki iliyopita" anaweza kukuta muda wake ulishakwisha.

4. Mazungumzo ya suluhu nje ya mahakama HAYASIMAMISHI saa. Mkikaa na imamu, mkikaa na Inshuti z'Umuryango, mkikaa na wazee wa ukoo, siku zinaendelea kwenda.

5. Lakini suluhu haifungwi na rufaa! Ukishakata rufaa, bado mnaweza kukaa, mkapatana, na kesi ikaishia hapo kwa amani. Mlango wa suluhu uko wazi kabla ya rufaa na baada yake. Mlango wa rufaa una siku 30 tu.

Sasa mtu mwenye akili aniambie: kati ya milango miwili, mmoja unaofungwa kesho na mwingine usiofungwa, utaanza kupita upi?

WANAOSEMA "HAKI YA MTOTO HAINA MUDA"

Wapo ndugu zetu, hasa vijana waliosoma, wanaosema tatizo ni sheria yenyewe. Wanasema: kama maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, kama Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu 1991, basi kwa nini mzazi azuiwe kwa sababu ya siku chache? Waseme rufaa za watoto zipokelewe wakati wowote.

Ni maneno mazuri yanayopendeza masikio. Lakini hebu tuyapime.

Mtoto wa miaka mitatu anapokaa mwaka mmoja bila kujua atalala nyumba gani, huo ni theluthi ya umri wake wote. Kwako wewe mtu mzima mwaka ni msimu mmoja wa biashara. Kwake yeye ni dunia nzima: kajifunza kusema, kajifunza kuogopa, kamzoea anayempikia uji asubuhi. Rufaa isiyo na kikomo maana yake ni mtoto asiye na nyumba ya kudumu. Na nani atakayefaidika nayo? Si yule mama wa nyanya. Ni mwenye pesa, mwenye wakili, anayeweza kuamka baada ya miaka miwili akaifukua kesi, akaacha kutoa nafaka akisema "jambo liko mahakamani". Tunawajua. Wengine tunaswali nao safu moja.

Kwa hiyo mimi sipingi kikomo. Nasema kikomo ni rehma kwa mtoto, kwa sharti moja: kila mzazi akijue siku ileile hukumu inaposomwa, kwa lugha anayoielewa, iwe Kinyarwanda au Kiswahili.

Na msidhani ukali huu ni wa Rwanda peke yake. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatoa siku 45 za kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu. Anayechelewa huomba kuongezewa muda, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia kwamba mchelewaji aeleze kila siku aliyoichelewa, hata iwe moja. Kenya, Mahakama ya Juu mwaka 2014, katika shauri la uchaguzi la Nicholas Salat dhidi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu, ni hiari ya mahakama. Mwombaji atoe sababu ya kuridhisha, asiwe amekawia kuomba, na upande wa pili usidhurike. England, ambako wako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki, rufaa ya kesi ya familia kwa kawaida ni siku 21 tu.

Na huko England kuna kisa kinachopaswa kumkosesha usingizi kila mzazi. Wazazi wa Norfolk walinyang'anywa watoto wao watatu kwa tuhuma ya kumuumiza mmoja wao. Watoto wakapewa familia nyingine kwa kuasiliwa mwaka 2005. Baadaye ukapatikana ushahidi wa wataalamu kwamba mifupa iliyovunjika huenda ilitokana na ukosefu wa lishe, si kipigo. Wazazi wakarudi mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ikakataa kutengua amri za kuasili: muda umepita, watoto wamekwisha zoea maisha mengine. Mahakama haikusema wazazi wale ni waovu. Ilisema wamechelewa. Laa hawla wa laa quwwata illaa billaah!

NA WANAOSEMA "SIKU THELATHINI NI SIKU THELATHINI, BASI"

Upande wa pili wapo wenye mioyo ya mawe. Wanasema aliyechelewa kachelewa, alie na nafsi yake. Hawa nao nawauliza: je, hamkuisoma historia ya uadilifu wetu?

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (Radhiya Allaahu anhu) alimwandikia Abu Musa al-Ash'ari (Radhiya Allaahu anhu) waraka mashuhuri kuhusu ukadhi. Katika waraka ule kuna mambo mawili ambayo sisi tunayatenganisha, yeye akayaweka pamoja. La kwanza, anayedai ana haki au ushahidi usiokuwepo apewe muda maalumu. Akiuleta ndani ya muda apewe haki yake, asipouleta ahukumiwe. La pili, hukumu aliyoitoa kadhi jana isimzuie kurejea kwenye haki akiiona leo.

Tazameni hekima hiyo! Muda upo, na kurejea kwenye haki kupo. Kila kimoja kina mahali pake.

Sasa katika malezi ya mtoto, hukumu haifanani na hukumu ya kiwanja. Kiwanja hakikui. Mtoto anakua, baba anaoa tena, mama anahama, bibi anafariki, mlezi anaanza kunywa au kupiga. Hali zikibadilika, mzazi anaweza kurudi kwa hakimu na OMBI JIPYA, akaonyesha kilichobadilika tangu hukumu ya kwanza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania imeiruhusu mahakama waziwazi kubadilisha amri za malezi na matunzo. Anayedhani rufaa ikishakataliwa basi mtoto kapotea milele, amekosea. Na wakili anayemchukulia mama pesa ya kuandika rufaa iliyochelewa miezi minane, bila kumwambia kwamba njia yake ya kweli ni ombi jipya, huyo ajiulize anakula nini.

Lakini msilitumie hili kama godoro la kulalia! Ombi jipya linahitaji jambo jipya. Hoja zilezile za zamani ulizoshindwa kuzipeleka ndani ya siku 30 hazigeuki kuwa mpya kwa kubadilishiwa karatasi. Na wakati ombi likingoja kusikilizwa, mtoto yuko kule kule. Yule mama wa kisa chetu naye alifungua ombi. Mpaka linaanza kusikilizwa, mwanawe alikuwa anamwita bibi yake "mama".

SHERIA YA ALLAAH HAIKUTUAMBIA TUCHELEWE

Wengine hujificha nyuma ya dini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Husema kwenda mahakamani ni kufedheheshana, Muislamu anasulihiana. Ni kweli suluhu ni kheri. Lakini suluhu ni kheri inapomfikishia mwenye haki haki yake. Inapogeuka chombo cha kumchosha mnyonge mpaka muda wake uishe, hiyo ni dhulma iliyovishwa kilemba.

Katika Suratul-Baqarah, aya ya 233, tumekatazwa mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba kwa sababu ya mtoto wake, na mzigo wa nafaka ukawekwa juu ya baba kwa kadiri ya uwezo wake. Na imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba mwanamke aliyeachwa alimwendea Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) kulalamika kwamba mumewe anataka kumnyang'anya mtoto. Mtume alimsikiliza, akamwambia kwamba yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa. Hakumwambia arudi nyumbani akasubiri. Alikuja na shauri lake, akatoka na jibu.

Hapa Rwanda hatuna mahakama ya kadhi kama walivyonayo ndugu zetu wa Kenya na Zanzibar. Kikao cha msikitini kinaweza kupatanisha, hakiwezi kutoa hukumu inayotekelezwa na serikali. Kwa hiyo mzee anayemzuia mama asikate rufaa hana cha kumpa badala yake! Amemfungia mlango ambao yeye mwenyewe hana ufunguo wake.

Na sisi wa mpakani tuna jambo la ziada. Nyumba zetu ziko nchi mbili. Shangazi yuko Goma, bibi yuko Birere, baba anafanya kazi upande huu. Tumeona Januari 2002 na Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, jinsi watu walivyomiminika huku na watoto wakapotezana na wazazi wao usiku mmoja. Mtoto akishavushwa, hukumu ya huku haitekelezwi kule mpaka mahakama ya kule iitambue, na ya kule vivyo hivyo huku. Kila siku unayochelewa ni nafasi ya mtoto kuvushwa.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, lawama peke yake hazileti mtoto nyumbani. Napendekeza haya:

1. Kwa wazazi: siku hukumu inaposomwa, andika tarehe ile ukutani, kwenye kalenda, kwenye simu. Hesabu siku 30. Kisha jiwekee siku ya 10 kuwa ndiyo mwisho wako wa kuamua. Usiifikie ya 29 ukiwa bado unauliza watu.

2. Nenda MAJ, ofisi ya msaada wa sheria iliyoko wilayani. Ofisi hizi zilianza 2007 na zipo kwa ajili ya wasio na uwezo. Tangu 2016 kesi zinapokelewa kwa mfumo wa kompyuta, IECMS. Usiogope kompyuta, wapo wa kukusaidia, na muombe kijana wako akusindikize.

3. Kwa maimamu na wazee wa suluhu: swali la KWANZA mkishakaa liwe "hukumu ilisomwa lini?" Kama siku 30 hazijaisha na upande mmoja haukuridhika, mwambieni akate rufaa kwanza, kisha ndipo mfungue kikao kwa Bismillaah. Anayekataa kukaa kwa sababu mwenzake amekata rufaa, huyo hakuwa na nia ya suluhu tangu mwanzo. Afadhali mlijue hilo siku ya tano kuliko siku ya hamsini.

4. Kwa akina baba: kumchelewesha mama kwa makusudi ili muda wake uishe ni hila. Unaweza kumshinda mahakamani kwa hila. Kuna mahakama nyingine isiyo na siku thelathini.

5. Kwa akina mama: nanyi msitumie rufaa kumnyima baba mtoto kwa hasira tu. Kama hukumu ni ya haki, ikubali, na umlee mwanao kwa siku ulizopewa.

6. Kwa wanafunzi: nyinyi mnasoma Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza ambazo mama zenu hawakupata nafasi ya kuzisoma. Hukumu ikija nyumbani, msomee mama yako mpaka mstari wa mwisho, na umwambie tarehe. Hiyo ni sadaka, na haikugharimu faranga hata moja.

Mimi tangu kile kisa nimejiwekea ahadi. Sikai tena kikao cha malezi ya mtoto bila kuuliza tarehe. Mara mbili nimeuliza, na mara moja nikakuta zimebaki siku nne. Tuliahirisha chai, tukaenda. Rufaa ikapokelewa. Sijui itaamuliwaje, hilo ni la hakimu. Lakini safari hii hoja za mzazi yule zitasomwa na mtu.

Yule mama wa nyanya bado napishana naye alfajiri, mimi nikitoka msikitini, yeye akielekea mpakani. Hunisalimia kwa heshima zake zote, "Shikamoo mzee". Naitikia, lakini kumtazama usoni bado sijaweza.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) atusamehe tulipozembea, awahifadhi watoto wetu wote, walio kwa mama na walio kwa baba, wa upande huu wa mpaka na wa upande ule, na ajaalie suluhu zetu ziwe za haki. Aamiyn.

Wallaahu a'alam.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullaahi wa barakaatuh.